Jumamosi ya Kwenda Igombe

Matembezi ya ziwani yaliyozungumzwa kuliko yote yaliyopata kuanzia Tabora yaliandaliwa na wanaume wawili waliokwisha kuchokana. Ilikuwa Julai 1858. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walikuwa wamerudi Kaze, kama walivyouita mji huu, wakitokea Ujiji hoi bin taabani. Burton aliamua kubaki barazani kwa waungwana wa Kiomani, azungumze na kuandika. Speke akataka kwenda kuliona ziwa la kaskazini, ambalo habari zake walizipata kwa mwenyeji wao, mfanyabiashara Snay bin Amir. Akachukua wapagazi wachache, askari wa Kibaluchi, na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepelekwa India utumwani na kurudi akikijua Kihindustani, lugha ambayo Speke naye aliielewa. Tarehe 3 Agosti alisimama juu ya kilima upande wa Mwanza, akayatazama maji yasiyoonyesha ng'ambo. Hakuwa na mtumbwi, wala muda wa kutafuta. Akageuza njia, na kabla Agosti haijaisha alikuwa Tabora tena, akidai amekipata chanzo cha Nile. Burton hakukubali, na urafiki wao haukupona.

Naipenda habari hii kwa sababu isiyoihusu Nile. Anayenivutia mimi ni Snay bin Amir. Mwaka 1856 wamisionari wa pwani walikuwa wametoa ramani iliyojaza katikati ya Afrika Mashariki ziwa moja kubwa mno, refu, lililojinyonga kama konokono asiye na kombe, na wasomi wa Ulaya wakaijadili kwa heshima zote. Snay, amekaa zake Tabora ambako hakuna ziwa hata moja, aliwaambia wageni wake kwamba maziwa ni matatu: Nyasa kusini, la Ujiji magharibi, na la Ukerewe kaskazini. Alijua ni mwendo wa siku ngapi kufika kila moja. Aliyezaliwa Ujiji analijua la Ujiji, na hana shida na jingine. Wa Tabora hana lake, kwa hiyo ilimpasa ayajue yote.

Sasa sisi wa Kitete, hapahapa Tabora, karne na nusu na zaidi baadaye, bado tuko katika hali hiyohiyo. Jumamosi ikikaribia na joto la Oktoba limeshika bati, mtu akisema "twende majini", swali la kwanza linabaki lilelile la Speke: maji gani, na kwa njia ipi? Mwanza ni safari ya kulala huko. Kigoma ni usiku mzima garimoshini. Kinachobaki ni malambo yetu, na juu ya yote Bwawa la Igombe, kaskazini mwa mji, na Bwawa la Kazima, lililo karibu zaidi. Mabwawa haya hayakuchimbwa kwa ajili ya watu wa kuogelea. Yalizuiwa ili mji upate kunywa, na kwa miongo mingi ndiyo yaliyounywesha. Ndiyo maana hata leo mtu akienda Igombe kwa starehe huenda kama anayeingia jikoni kwa watu, akitazama kama mwenye nyumba yupo.

Kijiografia, tone la mvua linaloangukia Igombe lina safari ndefu kuliko ya Speke. Mto Igombe unaelekea magharibi kwenye vinamasi vya Malagarasi, Malagarasi unaingia Ziwa Tanganyika, Tanganyika inatokea Lukuga, Lukuga unaingia mto Kongo, na Kongo unamwaga Atlantiki. Kwa hiyo mvua ya Tabora ni ya bahari ya magharibi, ingawa sisi wenyewe tunajiona watu wa njia ya Bagamoyo. Halafu likaja bomba. Maji yanavutwa katika Ziwa Viktoria, lile la Ukerewe la Snay, huko Ihelele, wilayani Misungwi, yalianza kwa kuwafikia watu wa Shinyanga na Kahama, kisha kwa mkopo wa India yakaendelezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora, na mapema 2021 mradi ukazinduliwa. Ziwa liko chini kuliko sisi, kwa hiyo maji yanapandishwa kwa pampu. Bomba hilo linafuata, kwa kwenda kinyume, takriban upande aliopita Speke. Alikwenda kuliangalia ziwa bila kulionja kwa kasia. Leo ziwa limekuja lenyewe kwenye ndoo. Mtu anayefua shati Kitete anachota katika Nile na kumwaga upande wa Kongo, na hakuna anayemwambia kwamba amefanya jambo la ajabu.

Nataja bomba kwa sababu limebadilisha jambo moja ambalo halijajadiliwa vya kutosha. Zamani hoja ya kuwakatalia watu Igombe ilikuwa haina jibu: haya ni maji ya kunywa ya mji mzima, toka humo. Hoja hiyo bado ina nguvu, maana hakuna mwenye akili anayetupa akiba kwa sababu amepata mshahara. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo iko palepale, inayokataza shughuli za kudumu na za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bwawa au mto, na sheria hiyo naiunga mkono bila masharti. Lakini mji uliokuwa na kiu umeanza kuyatazama mabwawa yake kwa jicho lingine. Vijana wanakwenda kupiga picha. Maharusi wanakwenda. Watoto wa kiume wa vijiji vya jirani walikuwa wanaogelea tangu zamani, kwa ruhusa ya jua.

Basi tuseme tunapanga kwenda.

Mpango wa Tabora huanza na chombo cha usafiri na kuishia kwenye kuku. Nani ana pikipiki, nani anamjua mwenye Noah ambaye hatotaja bei ya harusi, nani atabeba jiko. Dada mmoja lazima aulize kama kuna kivuli. Kundi la WhatsApp hufunguliwa Jumatatu, na kufika Alhamisi limeshajaa ujumbe wa kidini na hakuna aliyechangia mafuta. Hayo yote yana wenyewe na sitayaingilia. Ninachokitafuta mimi ni ile sehemu ya mpango ambayo haizungumzwi, nayo ni maji yenyewe: yako vipi mwezi huu, yana nini ndani, na yataguswa na nani.

Mwezi ni jambo la kwanza. Mvua zetu huanza Novemba na kuondoka Aprili. Watu wengi hulikumbuka bwawa Septemba na Oktoba, joto linapowauma, na hapo ndipo bwawa linapokuwa limerudi nyuma, limeacha ukingo mpana wa tope lililopasuka juu na laini chini, linaloshika mguu hadi gotini. Mei na Juni ndiyo miezi yenyewe. Maji yamejaa, mchanga umekwisha kutulia, nyasi za ukingoni bado ni kijani, na njia imekauka. Kuna baridi ya asubuhi, ndiyo, lakini baridi ya Juni haijapata kumnyima mtu mtumbwi. Imemnyima kuoga tu, na hilo, kama nitakavyoeleza, si hasara kubwa.

Jambo la pili ni kichocho. Hapa naomba msomaji asikimbie, kwa sababu kila mtu wa Tabora amelisikia neno hilo shuleni, na wengi wetu hatukuelewa mpaka leo kwamba ni habari ya saa na mahali.

Theodor Bilharz, daktari Mjerumani aliyefanya kazi Cairo, aliwaona minyoo wa kichocho mwaka 1851 ndani ya mishipa ya damu ya maiti. Mzunguko wao ni wa hila. Mtu mwenye minyoo anakojoa au kujisaidia majini, mayai yanaanguliwa, viluwiluwi vinatafuta konokono wa aina maalumu, vinaishi na kuzaana ndani yake kwa wiki kadhaa, kisha vinatoka vikiwa vya umbo jingine, vyenye mkia uliogawanyika, tayari kwa ngozi ya binadamu. Havihitaji kidonda. Vinapenya ngozi nzima kwa dakika chache. Vikishaingia husafiri katika damu, hukomaa, na mke na mume hukaa pamoja miaka mingi katika mishipa ya kibofu au ya utumbo, wakitaga. Anayekojoa damu akiwa na miaka kumi anailipia siku ambayo pengine hakumbuki hata nani alikuwa naye majini.

Sasa zingatia mambo ambayo mpangaji wa matembezi angeweza kuyatumia. Konokono hawa hupenda maji yaliyotulia, ya kina kifupi, yenye majani, yaani palepale ambapo watu huingilia kwa sababu pana mteremko mzuri na panaonekana salama. Viluwiluwi hutoka kwenye konokono kwa kuitwa na mwanga, na wingi wao hupanda kuelekea adhuhuri, yaani palepale ambapo jua linamwambia mtoto ajitupe majini. Nje ya konokono na nje ya mtu havivuki siku mbili, kwa hiyo maji yaliyochotwa na kuachwa kwenye pipa kwa siku mbili, bila konokono ndani, hayaambukizi. Kujifuta haraka kwa taulo watu husifia, lakini si kinga ya kutegemea. Dawa ipo, prazikwanteli, hugawiwa shuleni, na mtu akirudi kutoka bwawani na wiki kadhaa baadaye akaona mkojo umebadilika, anajua Hospitali ya Kitete iko wapi. Dawa huua minyoo waliokomaa. Haimzuii mtu kuingia tena majini Jumamosi inayofuata na kuanza upya.

Na malambo, pamoja na majaruba ya mpunga tunayojivunia mbugani, ndiyo nyumba nzuri kuliko zote za konokono hao. Tulipoyasimamisha maji ili yatusaidie, tuliwasimamishia na wao.

Kwa hiyo hukumu yangu, na najua itawaudhi vijana: Igombe si mahali pa kuogelea. Ni mahali pa mtumbwi, pa ndoano, pa kukaa. Anayetaka kuogelea ajifunze kwenye bwawa la saruji lenye dawa, hata kama ni dogo na limejaa watoto wa wageni wa hoteli.

Lakini sisemi watu wasijue kuogelea. Hilo ni jambo jingine kabisa, na tunalichanganya kwa makusudi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kukumbushana kuhusu vifo hivyo. Kwetu hupita kimya. Tunayakumbuka maji yanapochukua watu wengi kwa mpigo, kama MV Bukoba mwaka 1996 au MV Nyerere mwaka 2018. Mtoto mmoja aliyezama kwenye shimo la kufyatulia matofali lililojaa mvua hapati kumbukumbu. Mjini kwetu mashimo hayo yako mengi, na si mbali na nyumba. Wazazi tunasema "usiende majini" na tunadhani tumefundisha kuogelea.

Wavulana hujifundisha wenyewe, kwa dumu la lita tano lililofungwa kifuniko na kukumbatiwa kifuani. Wasichana hawana hata hilo dumu; lao lina kazi nyingine. Msichana wa pembezoni mwa Tabora huenda amesimama kwenye maji ya bwawa mara nyingi kuliko kaka yake, akichota, akifua, akiosha vyombo, na kichocho kinamjua vilevile, ila hakuna aliyewahi kumwambia alale chali majini aone yanavyombeba. Huko Nungwi, Unguja, Mradi wa Panje uliwachukua wasichana wa pwani, watu waliozaliwa mawimbi yakisikika chumbani na ambao hawakuwa wakijua kuogelea, ukawavalisha vazi linalositiri mwili mzima, na kuwafundisha kwanza kuelea. Kama kwa watu wa baharini ilihitajika mipango, sisi wa bara tungeona haya kudhani jambo hilo hutokea lenyewe.

Kuhusu mamba nitasema kupitia Stanley, mwandishi wa gazeti aliyepita hapa akimtafuta mmisionari Livingstone, maana ndiye aliyewalipia karo wasafiri wote waliomfuata. Oktoba 1871 alikuwa ametoka Tabora akielekea kusini, kwa sababu vita vya mtemi Mirambo viliziba njia ya moja kwa moja ya Ujiji, na Bombay, yuleyule wa Speke, ndiye aliyekuwa mkuu wa watu wake. Wakapiga kambi kando ya mto Gombe. Kiangazi kilikuwa kimeukata mto ukawa mabwawa marefu, yametulia chini ya miti, yana maua ya yungiyungi. Stanley alikuwa amewinda, ana jasho, na akachagua mahali pazuri. Akavua nguo. Alikuwa tayari kujirusha, ndipo akaona mwili mrefu ukijitokeza na kujaza palepale alipokusudia kutua kichwa. Akarudi nyuma. Wahenga wetu wanasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Stanley aliyavulia nguo maji ya Gombe, akazivaa tena, na kwa mara moja nadhani alikuwa na busara kuliko methali.

Mwezi uliofuata, kwenye kivuko cha Malagarasi, punda wake mmoja aliyeitwa Simba alivushwa kwa kuogelea akiwa amefungwa kamba shingoni, na mamba akamchukua katikati ya mto mbele ya msafara wote. Baada ya hapo Stanley alifika Ujiji, akampata Livingstone, na jambo la kwanza walilofanya wanaume hao wawili, mmoja mgonjwa na mwingine amechoka, ni kwenda kutembea kwa mtumbwi hadi kaskazini mwa Ziwa Tanganyika. Walikaa majini karibu mwezi mzima, wakajionea kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Walikuwa wakivuta hewa, wakila samaki, wakibishana kidogo na watoza ushuru. Ukiziondoa bunduki, ni matembezi ambayo mtu yeyote wa Kigoma angeyatamani. Kisha wote wawili wakaja Kwihara, hapo kilomita chache kutoka Kitete, ambako Livingstone alikaa miezi mingi ya 1872 akisubiri wapagazi, bila maji mengine ya kutazama isipokuwa ya kisima.

Tabora ina historia hii ya kuona vyombo vya majini vikipita na visiteremshwe. Mwaka 1883 jahazi dogo la chuma la wamisionari wa London, Morning Star, liliwasili Ujiji baada ya kukokotwa vipande vipande kutoka pwani kupitia Unyamwezi, chini ya usimamizi wa baharia Edward Hore. Baadaye reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na juu ya reli hiyo ikapita meli nzima. Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikashushwa Dar es Salaam na kupakiwa garimoshini. Wakazi wa Tabora wa siku zile waliona mabehewa ya mbao na chuma yakisimama stesheni na kuondoka. Februari 1915 masanduku hayo yalikuwa meli inayoelea Kigoma. Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha karibu na mdomo wa Malagarasi, yaani mahali ambapo maji yetu ya Igombe yanaingia ziwani. Mwaka 1924 ikaibuliwa, na 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Mji ambao meli imepita mlangoni kwake kwa garimoshi unastahili angalau mtumbwi mmoja wa kukodisha.

Na mtumbwi hatuhitaji kuuagiza Papenburg. Burton aliwakuta wavushaji wa Malagarasi wakitumia mitumbwi ya magome: gome la mti mmoja mkubwa wa miombo limebanduliwa zima, likafungwa na kushonwa ncha zote mbili. Ni ufundi uleule unaotengeneza mzinga wa nyuki. Fundi anayebandua gome la mzinga huko Sikonge ameshika mkononi nusu ya mtumbwi, ila hajaombwa. Mimi sipendekezi tupande magome Igombe. Mti huo hufa ukibanduliwa, na mitumbwi ya namna hiyo huvuja kwa moyo mmoja. Ya mbao ipo, wavuvi wanayo, mifupi, inayumba ukipiga chafya. Anayepanda mara ya kwanza akae chini kabisa, magoti yakiwa mbele, asisimame kupiga picha. Kafi lisishikwe kama mwiko wa ugali; mkono wa juu usukume, wa chini uongoze. Upepo wa mchana ukianza kukunja uso wa maji, muda wa kurudi umefika, kwa sababu bwawa linalosukumwa na upepo kuelekea ukuta wake hukusukuma na wewe.

Uvuvi ndiyo raha ninayoiona kubwa kuliko zote, pengine kwa sababu inamruhusu mtu asifanye lolote na aitwe ana kazi. Samaki wa mabwawa yetu ni sato na perege, na kambale. Sato huenda na jua la asubuhi kwenye kingo zenye majani, ana mdomo mdogo, anataka ndoano ndogo na chambo cha nyungunyungu au kidonge cha ugali, na mshipi mwepesi. Kambale ni wa jioni na wa usiku, wa tope, wa chambo kinachonuka. Kambale ana kiungo cha kupumulia hewa juu ya matamvua yake, kwa hiyo mvua za kwanza zikifurika huacha mto na kupanda mbugani, kwenye maji ya kifundo cha mguu, kutaga. Watu wa mbugani humngojea huko kwa migono na kwa mikono. Hakuna mpango wa uvuvi Tabora ulio wa uhakika kuliko kusimama kwenye mkondo wa mbuga usiku wa mvua kubwa ya kwanza, na hakuna ulio mgumu kuuitishia kundi la WhatsApp, maana hakuna anayejua ni usiku gani.

Mtu wa matembezi atumie ndoano. Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake zimepiga marufuku sumu na baruti, kokoro nalo ni haramu, na anayevua kwa biashara anadaiwa leseni. Hata pasipo sheria, bwawa ni dogo. Kokoro likivutwa mara chache Igombe litakomba vifaranga vya mwaka mzima, na ziwa jirani la kutuletea wengine halipo. Waliotaka samaki wengi walikuwa wakienda Ugalla, wakati ule ni Pori la Akiba, ambako kwa msimu na kwa kibali watu waliingia kuvua na kurina asali, wakarudi na samaki wakavu. Tangu 2019 sehemu ya mto huo ni hifadhi ya taifa yenye masharti makali zaidi. Waliobaki wananunua dagaa wa Kigoma stesheni kama kawaida, na sioni aibu kuwabeba dagaa wa kukaanga kwenye matembezi ya kuvua. Ndiyo bima.

Niliwahi kumkuta mvuvi mmoja mtu mzima kwenye ukingo wa Igombe, anaunganisha wavu uliochanika. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," bila kuinua macho, kisha akauliza kama tumekuja kuvua au kupiga picha. Nikamwambia vyote. Akasema vyote havifai, mwenye simu mkononi samaki humla chambo. Nilimuuliza kuhusu kuogelea. Akanionyesha kwa kidevu kundi la watoto upande wa pili, jua la saa sita likiwa utosini, akasema wale wanajua kuogelea, wasichojua ni kutoka.

Nikamweleza wazo langu. Mitumbwi miwili mipana ya mbao, kamba ndefu, majaketi okozi ya saizi za watoto pia. Saa za asubuhi tu, kuondoka alfajiri na kutoka majini kabla ya saa nne. Choo cha shimo kijengwe mbali, nje ya zile mita 60, kwa sababu choo hufanya kazi kuliko dawa katika habari ya kichocho. Wavulana wa pale wapewe kazi ya kupiga makasia na walipwe, na dada zao pia, baada ya kufundishwa kuogelea penye maji yenye dawa. Atakayeingia bwawani kuoga arudishwe nchi kavu na nauli yake. Lipelekwe kwenye kikao cha kijiji kwanza, kisha kata, kisha kwa wenye bwawa, kabla ya Mei.

Alisikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno. Akasema mbao zipo na fundi anamfahamu. Alichotaka kujua ni mtumbwi utabeba wangapi. Nikasema wanne. Akacheka, akasema watu wa mjini hawajawahi kuja wanne. Huja tisa na spika, na mama mmoja mwenye sufuria, na huyo mama hakubali kushuka.

Nikamuuliza basi tufanyeje. Akanyoosha mguu, akaupima wavu kwa mkono toka kiganjani hadi begani, akaniambia nimpangie wa mama mwenye sufuria kwanza, upana wake pima moja na nusu, kisha ndiyo tuzungumze kuhusu hao wengine.